Neno Nililolipigia Makofi

Nyinyi mnaomaliza fomu foo mwaka huu, na mkiulizwa mpango wenu mnajibu, "Wacha nifunze kwa akademi nikingoja koleji," kaeni chini kidogo. Najua mmeona tangazo pale posho mill. Wanatafuta mwalimu wa Kihispania, msichana, mchangamfu, uzoefu si lazima. Hiyo nafasi ilikuwa yangu.

Nina miaka ishirini na minane na nimeshastaafu ualimu. Sikupewa blanketi, sikupewa saa ya ukutani, hakuna aliyenikatia keki. Miaka minne nilifundisha watoto wa chekechea Kihispania kwenye akademi ya mabati huku Mau Narok, na kilichonistaafisha ni mkono wa kulia wa mtoto wa miaka mitano anayeitwa Wairimu. Nitafika kwa huo mkono. Nikifika, msinihurumie.

Mnaweza kuanza kwa kucheka, hata mimi nilicheka. Kihispania, Mau Narok! Mahali ambapo mtu anaamka kuongea na viazi.

Nilikitoa jikoni. Baada ya fomu foo, na gredi ambayo hakuna koleji iliyoitaka, nilipata kazi ya upishi katika nyumba ya watoto yatima kule chini, upande wa Kariandusi, ambako udongo ni mweupe kama unga na upepo ukivuma unaula ndani ya sukuma wiki. Wageni wa kujitolea walikuja kutoka Uhispania, wakapiga picha, wakarudi kwao. Mmoja alikaa. Aliitwa Pilar, mama wa miaka sitini hivi, na nadhani alichoka kupigwa picha amebeba watoto wa watu, ndiyo akaja jikoni kukata vitunguu na mimi. Tulivikata miezi minane.

"Hii?" ananiuliza, ameinua kisu. Mimi nasema kisu, yeye anasema *cuchillo*, na hatuendi mbele mpaka kila mmoja aseme la mwenzake vizuri. Tukafika kwa meza. Nikasema meza. Akasema *mesa*. Tukatazamana kama watu waliokutana stendi wakagundua ni mabinamu. Bendera, *bandera*. Pera letu na *pera* lao ni matunda mawili tofauti, lakini jina ni moja. Baadaye mtu aliniambia ni Wareno walioyaacha pwani maneno hayo zamani.

Siku moja mlinzi wa geti aliingia kuomba chai. Nami nikataka kumwonyesha Pilar kwamba najua Kiswahili cha kitabuni, si hiki chetu cha huku. "Huyu ni kaka," nikasema. Pilar akaangusha mwiko. Kumbe kwao *caca* ni mavi. Alicheka mpaka akakalia gunia la mahindi, na mlinzi maskini amesimama na kikombe chake, anatabasamu: "Eeh, mathe, mimi ni kaka. Mimi ni kaka kabisa."

Hapo ndipo ningejifunza. Neno moja, watu wawili, kila mmoja anaona kitu chake. Mimi nililibeba kama kichekesho, nikakisimulia miaka.

Nilirudi nyumbani na maneno kama mia tatu ya Kihispania na mimba ya mtu ambaye simu yake haijapatikana mpaka leo. Mtoto ni Wanjiku, tunamwita Shiko. Alipofika miaka miwili nikaenda akademi kuomba kazi yoyote, hata ya kufagia. Mwenye shule tulimwita Dairekta, mtu aliyetoka mbali, mwenye suti moja nzuri. Kikuyu hakukijua, lakini biashara aliijua.

"Hapa umeandika unajua Spanish," akasema, ameshika barua yangu.

"Kidogo, sir."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ya jikoni."

Akaegemea kiti. "Madam Njoki, wazazi wa hapa wanajua kiasi gani?"

"Hawajui."

"Basi wewe ni profesa."

Wiki hiyo fundi wa rangi alikuja akaandika kwenye geti: ENGLISH, COMPUTER, SPENISH. Nilimwambia Dairekta herufi moja imekosewa. Akaniuliza nani ataijua. Na kwa sababu Shiko angesoma bure mimi nikifundisha hapo, nikanyamaza. Hiyo herufi bado iko pale, pita uione.

Sasa nawaambia juu ya wazazi, na mimi ni mzazi, kwa hivyo siogopi. Sisi ndio tuliitaka hiyo takataka. Mama anatoka shambani kuchimba viazi vya mtu, anapita shuleni saa saba, mtoto wake wa miaka minne anamwambia *buenos días* (habari za asubuhi, na ni saa saba mchana!), na yule mama anatoa simu anarekodi, analia machozi. Huyo mtoto jana alijikojolea darasani kwa sababu hakujua kuomba choo kwa Kiingereza. Hilo hakuna anayelirekodi.

Na msinisikie vibaya. Lugha mbili si ugonjwa. Shiko wangu ana tatu na anazibadilisha kama mtu anayevua kandambili kuingia nyumbani. Lakini ya kwanza sikumnyang'anya nikimpa ya pili. Serikali yenyewe imeandika kwamba mtoto wa chekechea aanzwe kwa lugha anayoijua. Sijaona akademi hata moja iliyobandika hiyo karatasi ukutani karibu na ile ya SPENISH.

Kazi yenyewe nilifunzwa na Madam Priska, mwalimu wa darasa la wadogo, mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya kikohozi. Wiki zangu za kwanza niliwafunza watoto siku za juma kwa wimbo: *lunes, martes, miércoles*. Waliimba wakaruka, vumbi likapanda. Nikajisikia sana. Madam Priska akasimama mlangoni mpaka wakamaliza, kisha akamwita mtoto mmoja, akamuuliza kwa Kikuyu, leo ni siku gani? Mtoto akamtazama. Akamuuliza kwa Kiswahili. Kimya. Kwa Kihispania sasa, nikamuuliza mimi. Mtoto akaanza wimbo toka mwanzo.

"Umewapa wimbo," Madam Priska akaniambia. "Siku bado hawana."

Alikuwa na kitabu cha mazoezi cha mistari, kimechakaa, kila mtoto ukurasa wake. Mtoto mgeni akija, kabla ya herufi yoyote, Madam Priska alikaa naye kwenye kile kiti kidogo, magoti yakigusa kidevu, akamuuliza maneno matano anayoyatumia nyumbani: maji, choo, naumwa, naogopa, moto. Akayaandika jinsi mtoto alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto, hata kama kwao choo kina jina la utani. Hilo ndilo jambo la maana kuliko yote nitakayowaambia leo, na halina cheti. Yajue hayo maneno matano kabla hujafungua mdomo wako kufundisha. Mtoto akipatwa na shida, Kiingereza kitakimbia kwanza.

Mengine niliyopata kwake ni madogo. Usifundishe maneno mawili yanayofanana siku moja. Usimpe mgongo mtoto aliyenyamaza ghafla. Chaki iloweke kidogo ndiyo isikukohoze.

Kisha likaja diski. Nyinyi wengine mmelivaa, msijifanye hamlijui: kipande cha mbao chenye kamba, anavishwa shingoni mtoto aliyeongea lugha ya nyumbani, na anabaki nalo mpaka amsikie mwenzake akikosea, amsukumie. Dairekta alileta la kila darasa. Akasema kuanzia Jumatatu ni Kiingereza na Kihispania tu, Kiswahili ni Ijumaa.

Madam Priska akaliweka mezani kwake, akaliangalia kama panya aliyekufa. "Dairekta, siwezi kumvisha mtoto mbao kwa sababu ameitisha maji."

"Basi hautaweza kazi hii, Madam."

"Labda," akasema. Akakunja leso yake, akatoka na kile kitabu kwapani. Kabla ya geti alinitazama. Nadhani alingoja nisimame. Nilikuwa na mtoto anayesoma bure pale, mkitaka sababu. Sikusimama.

Diski nililivisha mimi. Kwa mikono yangu, zaidi ya mwaka mzima.

Wairimu aliletwa muhula uliofuata, akapewa dawati pamoja na Shiko. Mama yake ni kibarua wa viazi na ngano, mwanamke mdogo kama mimi, mkavu wa maneno. Mtoto alikuwa na sweta kubwa ya kukulia, mikono imekunjwa mara tatu, zile sweta za nyuzi za plastiki zinazotoa cheche ukivua gizani. Maneno yake matano sikumuuliza. Nilikuwa na watoto arobaini na nilikuwa nishakuwa profesa.

Shule iko kando ya barabara, na nduthi hupita na magunia ya viazi kutwa nzima. Nduthi ni pikipiki, na pikipiki kwa Kihispania ni *moto*. Mmeona? Mimi niliona nikafurahi, nikajiambia, hapa nimepata bure. Nduthi ikipita nasimamisha kila kitu, nawauliza, "*¿Qué es?*" Wanapiga kelele, "*¡Moto! ¡Moto!*" Nami nasema, "*¡Muy bien!* Pasha makofi!" Pwa, pwa, pwa. Wazazi walipokuja siku ya kufunga shule, hilo ndilo lilikuwa onyesho letu. Nduthi ilikodishwa ipite mara tatu. Watu walicheka wakapiga miluzi. Nilijiona mjanja kuliko wote.

Kwao Wairimu, moto unaitwa *mwaki*. Ndilo neno la kwao. Neno moto la Kiswahili alikuwa amelisikia kwa mama akiongea na majirani. *Fire* hakuwa amefunzwa, tulikuwa bado kwenye rangi na matunda.

Asubuhi hiyo ilikuwa ile baridi ya Julai, ukungu mpaka dirishani. Mpishi alituletea jiko la makaa, tukaliweka kona ya nyuma. Kona hiyo hiyo ndiyo mahali pa kusimama mwenye diski. Wairimu alikuwa amemwambia Shiko kwa Kikuyu kwamba vidole vyake vina baridi. Nilimsikia. Nikamvisha, nikamsimamisha nyuma, na mnaona mtoto mwenye baridi akisimama karibu na jiko atafanya nini. Alinyoosha mikono.

Nilikuwa naandika ubaoni. Nduthi ilipita. Kisha nikasikia sauti yake, "Moto." Halafu kwa nguvu, "Ticha, moto! Moto!"

Wairimu hakuwa mtoto wa kuongea. Nilifurahi, wacha niseme ukweli wote. Nilijiambia hatimaye huyu ameshika. Bila kugeuka, chaki mkononi, nikasema, "*¡Muy bien*, Wairimu! Pasha makofi!"

Watoto arobaini wakampigia makofi.

Akasema tena. Wakapiga tena, wanajua mchezo. Harufu ndiyo iliyonigeuza. Nguo ya manyoya ya wanyama ikishika moto inanuka nywele. Ile ya plastiki inanuka kama taa ya gari iliyoungua, na haiwaki tu, inayeyuka, inashika ngozi kama gundi. Yeye alikuwa amesimama wima kabisa, mkono ameunyoosha mbali na mwili, ananitazama. Hakukimbia. Tulikuwa tumemfunza kwamba mwenye diski hatoki kona.

Nilimfunika kwa leso yangu, nikambeba mpaka kwa tangi. Mpishi akaja mbio na dawa ya meno, mwingine akaitisha yai. Nikawapigia kelele watoke. Hili pia lishikeni: ni maji ya baridi, yatiririke, dakika ishirini, na sweta iliyoganda usiivute. Nilikuwa najua. Nilifunzwa na Pilar jikoni. Nilijua kila kitu kinachofanywa baada ya moto.

Zahanati ikamtuma Nakuru, akalazwa. Vidole viwili vya mwisho vimeshikana, na kiganja hakifunguki chote. Ni mkono wa kuandikia.

Wiki ya tatu Dairekta aliniita ofisini. Mama Wairimu alikuwa ameketi na magwanda yake ya shamba, miguu ameikunja chini ya kiti asichafue simiti. Mezani kuna karatasi ya Kiingereza, imepigwa chapa. Ilisema mtoto aliondoka mahali pake bila ruhusa akachezea jiko, mwalimu akiwa amekataza, na mzazi ameridhika.

"Msomee kwa lugha yake," Dairekta akaniambia, mpole kabisa. "Nataka aelewe vizuri. Hapa hatufichi mtu kitu."

Zaidi ya mwaka aliipiga marufuku lugha hiyo kwenye kiwanja chake, na leo aliniomba niitoe.

Angalieni nilikuwa na nini. Nilikuwa na Kikuyu, na mtu mmoja tu katika chumba hicho ndiye angekielewa. Ningesema lolote. Ningesema, usitie sahihi, mama, toka, nenda kwa chifu, na yule mtu wa suti angetikisa kichwa akifikiri namsomea. Sikuhitaji ushujaa hata kidogo.

Nilimsomea ilivyoandikwa. Na niliisoma vizuri, sauti laini, nikaweka heshima za nyumbani, nikamwita mama wa Wairimu kama anavyoitwa kwao. Uongo wote niliufanya mtamu. Akasikiliza mpaka mwisho, akatia sahihi, akanishika mkono.

"Pole kwa kukusumbua, mwalimu," akasema. "Huyu mtoto ni mtundu."

Nilikaa na hilo siku nne. Jumamosi nikiwa nafua, Shiko alikuwa ananipa vibanio. Akaniuliza tu, kama mtu anayeuliza mbona mbuzi ana ndevu:

"Mami, kwa nini ulisema tumpigie Wairimu makofi na alikuwa anachomeka?"

"Sikujua alikuwa anachomeka."

"Lakini alikuambia."

Nilimaliza kuanika. Nikamwacha Shiko kwa jirani, nikaenda.

Mama Wairimu alikuwa uani akichagua mbegu za viazi, vizima huku, vilivyooza kule. Wairimu alikuwa ameketi mlangoni na bandeji, akaniona, akaingia ndani.

"Karibu, mwalimu," mama akasema. "Amekutoroka huyo. Ana haya."

"Mama Wairimu, ile karatasi nilikusomea uongo."

"Uongo gani? Ulisoma kama redio."

"Hakuchezea jiko. Mimi ndiye nilimsimamisha hapo. Akaniita akasema moto, nikafikiri anasema pikipiki."

"Pikipiki?"

Nikamweleza. Mjaribu siku moja kumweleza mama wa mtoto jambo hilo. Hakuna lugha inayolifanya liwe na akili. Nilipofika kwa makofi, aliweka chini kiazi alichokuwa ameshika.

"Unajua nilimchapa?"

Nikamuuliza lini.

"Siku ile ya karatasi. Nilifika hapa nikamwambia, mwalimu amesema ulicheza na moto. Akasema hapana. Nikamwambia mwalimu hawezi kudanganya, amesoma. Akasema hapana tena. Nikamchapa, kwa sababu ya uongo." Akapangusa mikono kwenye sketi. "Miguuni. Mkono ulikuwa hauguswi."

Nikaanza kulia. Akanikazia macho.

"Wacha. Ukitaka kulia utalilia kwako. Kiswahili nasoma, nilifika la saba. Kaa hapo uniandikie."

Akaleta kitabu cha mtoto na kalamu. Niliandika nikiwa nimekalia ndoo. Niliandika tarehe, jina la shule, jina langu, kisha nikaandika kwamba mtoto Wairimu aliungua mkono darasani kutokana na jiko. Nikampa. Akasoma na kidole, neno kwa neno, midomo ikitembea. Kidole kikasimama.

"Hapa umesema aliungua."

"Ndiyo."

"Ugali ndio huungua. Unaweka sufuria, unaenda kwa jirani, unarudi umeungua. Huyu alikuwa na mtu." Akanirudishia kitabu. "Wewe ulikuwa wapi? Andika wewe."

Nikakata ule mstari. Nikaandika: Nilimvisha mbao kwa kuongea lugha ya mama yake, nikamsimamisha karibu na jiko. Aliniambia moto mara tatu. Nilimpa mgongo, nikaamuru apigiwe makofi. Baadaye nilimsomea mama yake uongo, nikijua ni uongo.

Akasoma yote. Akanirudishia. "Tia sahihi," akasema. "Na jina lote, si hilo la Madam."

Nikaandika majina yangu matatu. Akang'oa ukurasa, akaukunja mara nne, akautia kifuani. Akaingia ndani, nikamsikia akiongea na mtoto polepole, kwa lugha yao, muda mrefu, na mtoto akijibu. Walitoka wamevaa viatu. Mama alimshika Wairimu ule mkono mzima, wakashika njia ya kwa chifu.

Hakuniambia niwafuate. Niliwafuata.